Oili Nyekundu ya Shangingi la Bosi

Juzi nilikwenda gereji moja ya pale Mwanga kumpelekea mume wangu chakula. Kigari chetu kilikuwa kimepandishwa juu ya magogo, fundi amelala chini yake, inaonekana miguu tu. Mimi mtoto mgongoni, hotipoti mkononi. Nikainama ili nisalimie, ndipo nikaona kinachotoka kwenye tumbo la gari kikishuka kwenye beseni. Chekundu. Chekundu cha kuiva, kinang'aa, kinashuka kama uzi mnene.

"Nyie, gari mmelitia mawese?" nikauliza.

Fundi alicheka mpaka akajigonga kichwa. "Shemeji, wewe kweli wa Kigoma! Hiyo oili ya giaboksi. Gari za otomatiki, oili ya gia huwa nyekundu. Ile nyeusi ndiyo ya injini."

"Gari zote?"

"Nyingi tu. Hata mashangingi, tena hayo ndiyo yanakunywa kama ng'ombe. Nati zake mbili zimekaa jirani, moja ya injini, moja ya gia. Kuna vichwa maji wanafungua ya gia wakidhani ya injini, halafu oili mpya wanaiongeza kwenye injini ambayo bado imejaa. Gari linawafia mlimani." Akajivuta nje, akajifuta mikono kwa kitambaa. "Vipi, mbona umekaa chini?"

Nilikuwa nimekaa juu ya tairi bovu. Mume wangu alidhani ni jua. Halikuwa jua. Nilikuwa nanusa. Ile oili ina harufu yake, tamu kidogo, inakwaruza kooni, kama plastiki iliyochomwa ikamwagiwa sukari. Nilishaivuta harufu hiyo mara moja tu maishani, nina miaka minane, nimelala chali chini ya gari lisilo letu, na miaka yote nilikuwa nikiamini kwamba ni harufu ya ubaya wa mama yangu.

Nawaandikia nyie wa rika langu, hasa mliolelewa na baba wa kusifiwa na mtaa mzima. Mtanielewa, au mtanuna. Kununa ruksa.

Tulikaa Bangwe, nyumba ya bati yenye uwanja mpana, ziwa ukilisikia hata ukiwa jikoni. Baba alikuwa dereva wa ofisi moja kubwa, na shangingi la bosi lilikuwa likilala kwetu. Jeupe, refu, madirisha meusi, matairi yake yananifika kifuani. Watoto wa jirani walikuwa wakiomba kuligusa, na mimi ndiye niliyekuwa nikitoa ruhusa. "Gusa, lakini usilipumulie." Watu wakiulizana njia walisema "pita pale kwa wenye shangingi," na baba hakuwahi kumsahihisha mtu.

Mama alikuwa Mbembe. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, yeye akazaliwa huku, lakini ulimi wake uliendelea kuvuka kwenda na kurudi. Alikuwa akiuza mawese. Alikuwa na madumu manne ya njano jikoni, na kucha zake zilikuwa na rangi ya chungwa ambayo haikutoka hata Sikukuu. Kwenda sokoni alijitwisha dumu kichwani, shangingi linampita njiani, tupu, baba peke yake ndani na viyoyozi vyake. Mara moja tu nilimsikia akiomba amsaidie kubeba. Baba akasema, "Viti vya lile gari vikinuka ngazi, hizo chikichi zako, nani atanilipia kazi? Wewe?" Mama hakuomba tena.

Kumwaga oili baba alikuwa akimwagia nyumbani. Alisema gerejini wanakuibia oili mpya wanakurudishia chafu, na bosi alimpenda kwa hilo, alimtangaza mbele ya madereva wenzake kwamba huyu ndiye mtu, huyu gari analijali kama mke. Siku za Jumamosi asubuhi aliliwasha, akaliacha lingurume mpaka oili ipate moto, kwa sababu oili baridi haitoki yote, inabaki na uchafu wake ndani. Akalipandisha tairi za mbele juu ya mbao mbili, akaweka mawe nyuma. Halafu akaita: "Fundi wangu yuko wapi?"

Fundi wake nilikuwa mimi. Baba alikuwa na kitambi na mashati meupe. Mimi nilikuwa na mifupa ya miaka minane na gauni ambalo halimsikitishi mtu. Nilikuwa nikiingia chini kwa mgongo na spana kifuani, navuta beseni kwa mguu. Kule chini kuna joto la tanuri, matope makavu yanakudondokea machoni, na chuma kila mahali kinataka kukuunguza. Baba alichuchumaa nje na kijiti kirefu, ananionyesha nati. "Hiyo! Kushoto! Kushoto kwako wewe, mbwa we, si kwangu!" Nami nilikuwa nikicheka. Nilidhani ndivyo mafundi wanavyotaniana.

Oili ya moto iliniunguza mara mbili. Ya pili ilinishuka kutoka kwenye kiganja mpaka kwenye kiwiko. Baba aliinama akanichungulia. "Usilie. Fundi halii." Sikulia. Mama alinipaka ute wa yai jikoni, huku akinung'unika kwa Kibembe maneno ambayo hajawahi kunitafsiria, nami nikamwona yeye ndiye mjinga, hajui kazi. Baada ya hapo niliichukua ile oili chafu kwenye ndoo, nikaipeleka ufukweni kwa seremala wa mitumbwi, aliyekuwa akiipaka chini ya mbao zisioze. Aliniita Fundi na yeye, maana baba alishamwambia. Nilirudi nyumbani nimepaa. Kwa jina hilo ningeingia hata kwenye tanuri lenyewe.

Jumamosi ninayoisema, simu ya bosi iliingia wakati gari bado linanguruma. Safari ya Kasulu iliyokuwa ya Jumatatu imekuwa ya leo, saa sita aondoke. Baba alizima injini, akanirushia spana. "Ingia, fungua, haraka." Halafu simu ikaita tena, naye akaanza kuzunguka uwanja, mkono mmoja nyuma kama anaongea na mtu aliye mbele yake. "Ndiyo mkuu. Ndiyo mkuu. Hapana mkuu."

Kijiti hakikuja. Nilikuwa chini peke yangu. Sikuogopa, nilifurahi: leo fundi anafanya bila kuonyeshwa. Niliona nati mbili. Nikachagua ile iliyokuwa na matope machache.

Ikatoka nyekundu.

Sasa nyie mliokulia Kigoma niambieni. Kitu chekundu, kizito, cha moto, kinang'aa, kina jina gani? Mtoto wa Dar labda angesema damu. Mimi nilisema mawese, na moyo ukanidunda kwa furaha. Nilielewa kila kitu palepale. Kumbe baba anachukua mawese ya mama kwa siri na kulitia gari la bosi! Kumbe yale maneno ya viti na harufu ni ya mdomoni tu. Kumbe gari zima linakwenda kwa mafuta ya mama yangu, na baba anaona aibu kusema. Nililala pale chini nikitabasamu kama zuzu, beseni likijaa.

"Imeisha?" baba akapiga kelele.

"Imeisha!"

"Kaza!"

Nikakaza. Na kwa kuwa kwetu mawese hayamwagwi, nikalibeba beseni mpaka jikoni, nikaimimina yote ndani ya dumu la mama lililokuwa nusu. Sikudondosha hata tone. Nilipotoka nje baba alikuwa ameshafungua boneti, anamimina galoni ya pili ya oili mpya huku simu ameibana kwa bega. Hakuchomoa kijiti cha kupimia. Filta hakuigusa. "Oili chafu umeipeleka?" "Nimeshaiweka, baba." Akaingia kuoga.

Mama alirudi kutoka dukani, akakuta mteja anasubiri chupa moja. Akafungua dumu. Akasimama. Akachovya kidole, akakisugua na gumba, akanusa. Akamwambia mteja arudi jioni.

"Zaina. Nani alitia kitu humu?"

Nikamsogelea, nikamnong'oneza. "Mimi. Nimerudisha. Najua siri yenu na baba."

"Siri gani?"

"Si mnalitia gari mawese."

Hakucheka. Aliniuliza ilitoka wapi, nikamwonyesha. Aliniuliza na ile nyeusi iko wapi, nikasema leo nyeusi haikuwepo. Akafuta mkono kwenye kitenge, akaingia chumbani. Mimi nikabaki kwenye ukumbi, nasikia kila kitu.

"Baba Zaina, hii mafuta imetoka kwenye gari. Si ya ngazi. Inanuka dawa."

"Niache nivae."

"Oili yako kila siku ni nyeusi. Leo nyekundu. Angalia kwanza, halafu uende."

"Bosi ananisubiri, wewe unaniletea habari za ngazi?"

"Dakika moja tu. Mtoto anasema nyeusi haikutoka kabi..."

Kofi lina sauti yake kwenye chumba chenye dari la bati. Halafu sauti ya baba, ya chini, karibu ya upole: "Muuza mawese atanifundisha gari? Miaka kumi na tisa niko barabarani."

"Basi nenda," mama akasema. "Mimi nimekwambia."

Mnajua mimi nilimkasirikia nani? Mama. Niliona ameharibu siri. Niliona angenyamaza tu, baba angeendelea kumpenda kimyakimya.

Shangingi likaondoka na moshi wa rangi ya bluu nyuma yake. Lilifika Kidahwe. Pale kwenye kupanda likaacha kushika gia, injini inalia gari halisogei, moshi umefunika barabara, na bosi, suti yake na faili zake, akashuka kwenye jua akanyoosha mkono kusimamisha gari kama watu wengine. Aliyemchukua alikuwa na lori la mihogo. Walimpakia nyuma maana mbele palikuwa na mama mjamzito. Kigoma nzima ilishalijua hilo kabla hajafika mjini.

Gari lilirudi Jumapili likivutwa. Baba alirudi nalo, uso umemshuka. Alikuwa ameambiwa na bosi neno moja: Jumatatu asubuhi nije nijue nani aliligusa hili gari, la sivyo uniwekee funguo mezani. Hilo ndilo lililokuwa likipimwa nyumbani kwetu siku ile, nyie. Kazi ya baba. Funguo. Baba alikaa kwenye kigoda uwanjani akilitazama dumu la mama kupitia mlango wa jikoni. Nilidhani ana huzuni. Alikuwa anafikiri.

Bosi alikuja kweli, saa mbili asubuhi, kwa gari la kuazima. Hakuwa mtu mbaya, niseme haki. Alikuwa mtu wa kuja, wa mikoa ya baridi huko, aliyekwishaambiwa tangu anapewa barua ya uhamisho kwamba Kigoma kuna mambo. Majirani walishajipanga kwenye uzio wa matete kana kwamba wanaota jua.

Baba alilitoa dumu jikoni, akaliweka miguuni pake. Halafu akaniita. "Fundi wangu. Njoo. Usiogope." Tangu Jumamosi hakuwa ameniita hivyo. Nilikimbia. "Mwambie mkuu, Jumamosi nini kilitoka kwenye gari?"

"Mawese," nikasema kwa sauti ya darasani.

"Na hapa nyumbani nani anauza mawese?"

"Mama."

Watu wa kwenye uzio wakaguna. Mama alikuwa mlangoni kwa jiko, kifagio mkononi. "Baba Zaina," akasema. "Mungu anakuona."

"Mkuu, huyu alitaka nimbebee madumu yake kwenye gari la ofisi. Nikakataa, mali ya ofisi ni mali ya ofisi. Ndiyo kisasi chake hiki. Ametia mawese kwenye mtambo nikiwa naoga. Angetuua mlimani."

"Si kweli," mama akasema. "Mimi ndiye nilimwambia asiende. Muulizeni kama sikumwambia."

"Unaona, mkuu? Alijua mapema kwamba gari litakufa. Alijuaje?"

Bosi aliinama, akanusa dumu. Ndani mlikuwa na mawese na oili ya gia vimechanganyika, na yeye, mtu wa faili, angetofautishaje? Alinyanyuka akatikisa kichwa. "Mama ni mwenyeji wa hapa?"

"Wa ng'ambo, mkuu. Kongo."

"Aa," bosi akasema.

Hiyo "aa" ndiyo ilikuwa hukumu. Kilichobaki kilikuwa maneno tu. Akasema hawezi kupanda gari la mtu anayelala na adui yake, baba achague. Na baba hakuomba hata muda wa kunywa maji. Akageuka, akasema mbele ya bosi, mbele ya uzio wote, kama anayetaja bei ya nauli: "Nimekuacha. Talaka moja. Chukua vyako."

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Zaina, mwanangu. Sema mimi nilikuwa wapi wakati gari inafunguliwa. Sema nani aliifungua."

Nilijua jibu. Nilikuwa na miaka minane, si miwili. Lakini nilijua pia kwamba baba ana siri na sasa anaificha, na mimi ndiye fundi wake. Nikasogea nyuma ya suruali yake. Akaniwekea mkono kichwani, mkono wenye uzito, unanuka sabuni. "Mtoto mnamtisha," akasema. Hakuniita fundi tena, si siku ile, si baadaye. Kazi ya fundi ilikuwa imekwisha.

Mama aliondoka na madumu matatu na furushi la kitenge. Akaenda Kibirizi kwa kaka yake, akaanza kuanika dagaa za watu. Mimi nikabaki, mtoto ni wa baba. Mke mwingine aliletwa kabla shule hazijafungwa. Na agizo lilikuwa moja: "Ukikutana naye, pita upande wa pili. Yule ni muuaji ambaye hakufanikiwa." Nikawa napita upande wa pili. Kibirizi si mbali, ungemwona mjini mara kwa mara, amejitwisha gunia, mgongo umeanza kupinda, naye anaona ninavyovuka barabara. Nikasoma mpaka kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa. Harusini hakualikwa. Nilipojifungua hakuambiwa. Nilimchukia kwa bidii ya mwanafunzi anayetaka kuongoza darasa, na nilikuwa na ushahidi, si niliona kwa macho yangu? Mpaka siku ile juu ya tairi bovu.

Nilitoka gerejini moja kwa moja kwenda Ujiji, kwenye nyumba aliyoijenga baba kabla ya kustaafu. Alikuwa barazani, redio pajani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Ile oili nyekundu ilikuwa ya giaboksi."

Alipunguza redio. Nilidhani atakana, nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Akacheka puani. "Umejifunza lini ufundi?"

"Ulijua?"

"Nilijua palepale Kidahwe. Nilichomoa kijiti cha gia kikatoka kikavu, nikachomoa cha injini kikatoka kimejaa mpaka juu. Dereva gani asingejua?"

"Na mama alikwambia kabla hujaondoka."

"Aliniambia."

Alisema hivyo, nyie. Kama mtu anayekubali kwamba jana mvua ilinyesha.

"Kwa hiyo ulimwacha ukijua."

"Ulitaka nimwambie bosi nini? Kwamba gari la ofisi nimempa mtoto wa miaka minane alifungue mimi naongea na simu? Jioni hiyohiyo ningekuwa sina funguo. Mke anapatikana, Zaina. Nikampata mwingine, umemwona. Kazi ile ingepatikana?" Akanigeuzia uso. "Hicho kidato cha nne unachotembea nacho kimetoka wapi? Viatu vyako? Umekula ile kazi miaka yote umeshiba, leo umekuja kunitapikia barazani. Na kusema kweli mimi sikusema kitu. Mawese ulisema wewe."

Mtoto aliamka akalia. Baba akanyoosha mikono ampokee, mjukuu wake, akiita "njoo kwa babu." Nikarudi nyuma. Nikamwambia mikono hiyo haitamgusa huyu mtoto maadamu yeye babu yu hai, na kwamba siku yeye akifa nitakuja kuhakikisha amekufa. Akapandisha redio.

Kesho yake nilikwenda Kibirizi. Saa nne asubuhi, jua limeshakaza. Mama alikuwa ameinama juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa mchangani, anageuza dagaa kwa kifagio cha njiti. Amekonda. Kucha hazina rangi tena. Nilisimama mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unataka kisado au gunia?"

"Mama, ni mimi. Zaina."

"Nakuona. Nimekuuliza kisado au gunia."

Nikamwaga yote. Gereji, fundi, nati mbili, kijiti kilichotoka kikavu, baba na redio yake. Nilikuwa nikimtukana baba kwa matusi ambayo mtoto hatakiwi kuyatamka mbele ya mzazi. Nilidhani nimemletea zawadi. Alinisikiliza bila kuacha kugeuza.

"Nilijua tangu Jumamosi ile," akasema. "Kidole changu kinajua mawese."

"Sasa kwa nini hukunitafuta ukaniambia?"

Hapo ndipo aliponyooka. "Nilikutafuta. Au ya getini umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nimeruka tu, mmeona wenyewe jinsi nilivyoruka. Nilikuwa darasa la tano. Alikuja shuleni saa ya mapumziko, amevaa vizuri, ameshika sketi ya shule aliyonishonea kwa mkono, imekunjwa ndani ya gazeti. Wasichana wenzangu wakaniuliza huyo nani. Mlinzi naye akaniuliza, "Wewe, huyu mama unamjua?" Nikasema simjui. Nikasema ni kichaa wa Kibirizi, hutilia watu sumu kwenye chakula. Mlinzi akamfukuza kwa fimbo, mama akajikwaa kwenye mtaro akaanguka, sketi ikaingia kwenye maji machafu. Wenzangu wakacheka. Mimi nikacheka zaidi yao, ili wasikie.

"Siku ya gari ulikuwa na miaka minane," mama akasema. "Nilikusamehe kabla sijafika barabarani. Baba yako alikushika mkononi kama spana, na spana haina kosa. Lakini siku ya geti, baba yako alikuwa safari. Nani alikuwa amekushika?"



Mtoto akapiga chafya mgongoni. Mama akamtazama kwa mara ya kwanza, akakitua kifagio. "Anaitwa nani?"

"Neema."

"Mlete."

Nikamfungua nikampa. Mama akainama, akamtupia mgongoni kwa mkono mmoja kama mtu ambaye hajawahi kuacha kubeba watoto, akamfunga kwa kitenge chake mwenyewe. Mtoto hakulia, na huyu kwa wageni hulia. Mama akachukua kifagio akaendelea kugeuza, anainama, anainuka, na kila akiinama mtoto anacheka. Nikachutama upande wa pili nimsaidie. Nikashika dagaa kiganja kimoja.

"Acha," akasema. "Huyu hajanikosea. Wewe simama huko."

Nikasimama.

"Sogea. Unanizibia jua."

Nikarudi nyuma hatua tatu, nne, tano, mpaka kivuli changu kikalala kwenye mchanga mtupu.